Shemeji, Tuandike Madeni Kwanza

Hapa Ilula ndoa ikitikisika, wazee wa pande mbili huitwa haraka. Shangazi huja, baba mdogo huja, na mshenga aliyepeleka posa hutafutwa hata kama siku hizi anaishi Ruaha Mbuyuni. Watakaa, watauliza nani alianza, nani alimtolea mwenzake lugha chafu, nani alilala nje. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo tangu nikiwa msichana wa kuchemsha chai, na sikumbuki mzee hata mmoja aliyeuliza: rejesho la wiki hii analipa nani? Kodi ya nyumba inaishia mwezi gani?

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama, na pia nilipata mafunzo ya usaidizi wa kisheria, kwa hiyo watu hunijia na makaratasi yao. Lakini mambo haya niliyaelewa sawasawa pale mdogo wangu, tumbo moja, alipotengana na mumewe. Ameniruhusu niyaandike bila majina. Alisema, "Dada, waandikie, maana wako wengi."

Wako wengi kweli. Kilolo yetu ni wilaya ya watu wanaoishi kwa msimu. Huko juu kwenye baridi, Dabaga na Bomalang'ombe, ni viazi, njegere na misitu ya misindano. Huku kwetu pembeni ya barabara kuu ya Iringa na Morogoro ni nyanya. Kule chini kwenye joto la Ruaha Mbuyuni ni vitunguu. Mbegu, mbolea, dawa na vibarua vinataka fedha leo, na mazao yatauzwa baada ya miezi. Kati ya leo na siku hiyo watu huishi kwa kukopa: kwenye kikoba, kwenye duka la pembejeo, kwa taasisi ya mikopo, kwenye simu, dukani kwa jirani. Mke anakopa huku, mume anakopa kule, fedha inaingia shamba moja na kulisha sufuria moja. Wakiwa pamoja hakuna anayeuliza deni ni la nani. Wakitengana katikati ya msimu, nyanya zikiwa ndiyo kwanza zinatoa maua, hapo ndipo swali linapokuja, na linakuja likiwa na hasira.

Tulikaa kwa baba mdogo. Shemeji yangu alikuwa tayari amehamia kwa kaka yake. Nikamwambia, "Shemeji, tuandike madeni kwanza. Habari ya nani kakosa wazee wataendelea nayo."

"Dada, mimi nimemwachia vyombo vyote," akasema. "La kikoba ni lake. Jina lililoko pale ni lake."

Mdogo wangu akainua kichwa. "Na la pikipiki nilikudhamini mimi."

Niliandika yote kwenye ukurasa mmoja. Kikoba: jina la mdogo wangu, limebaki Sh 350,000, na fedha ile ilinunua mbegu na dawa za shamba la nyanya alilolisimamia mume. Duka la pembejeo: jina la mume, Sh 420,000, shamba lile lile. Taasisi ya mikopo: jina la mume, mdhamini mke, limebaki Sh 650,000, mkopo wa pikipiki ambayo mume ndiye anayeiendesha. Duka la jirani: halina jina la mtu, ni daftari tu lenye "Mama fulani, unga kilo 5, mafuta, sabuni", jumla Sh 47,000. Mkopo wa simu: laini ya mume, Sh 60,000, na matumizi yake hakutaka kuyasema. Jumla Sh 1,527,000. Kila mmoja wao alikuwa akijua nusu ya orodha ile. Nilipoisoma kwa sauti baba mdogo alivua kofia akaiweka magotini, na kelele zikapungua.

Hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Kuna maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza: mkopeshaji atamdai nani? La pili: kati yenu wawili, nani anapaswa kuubeba mzigo? Majibu yake yanaweza kutofautiana kabisa, na yote mawili yakawa sahihi.

Mkopeshaji anaangalia saini. Kutengana kwenu hakumhusu, hakumfutii mtu deni wala hakumhamishii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Haki hiyo ni kubwa, na ina upande wake mwingine: saini yake ni yake. Kikoba kitamdai mdogo wangu hata kama hakuonja nyanya moja. Kama mmesaini wote wawili kama wakopaji, sheria ya mikataba inamruhusu mkopeshaji kumdai yeyote kati yenu deni zima, na aliyelipa ndiye atakayemgeukia mwenzake amrudishie fungu lake. Mdhamini naye hasimami pembeni kama shahidi wa harusi. Mkopaji akishindwa, mdhamini anadaiwa kama yeye, na akishalipa ana haki ya kumdai mkopaji.

Nawaomba akina mama na akina baba wasome karatasi zao kabla ya kuogopa, kwa sababu kuna saini za aina nyingi. Mume akiweka rehani nyumba ya familia benki, sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenza wake. Ile fomu ya ridhaa inasema nimekubali nyumba iwekwe dhamana. Peke yake haikufanyi kuwa mkopaji. Ila maofisa wengine huwasainisha wake fomu mbili kwa mpigo, ya ridhaa na ya udhamini, na mwanamke anatoka pale akiamini ameweka saini ya aina moja. Omba nakala. Mkopeshaji anayekataa kumpa mdhamini nakala ya karatasi aliyoisaini anamnyima kitu chake.

Swali la pili ndilo lenye haki ndani yake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na kinaiagiza iangalie, pamoja na mchango wa kila mmoja na mahitaji ya watoto, madeni ambayo mmoja wao aliyachukua kwa manufaa ya wote wawili. Kwa hiyo lile deni la kikoba, ingawa jina ni la mke, ni deni la shamba la wote. La pembejeo vilevile, ingawa jina ni la mume. Pikipiki ikibaki kwa mume, ni haki deni lake limfuate. La simu, ambalo mwenyewe hakutaka kusema liliingiaje nyumbani, ni lake peke yake. Na lile daftari la unga na sabuni? Kifungu cha 64 kinadhani mke ana ruhusa ya kukopa kwa jina la mumewe mahitaji ya lazima yake na ya watoto, kwa kadiri ya uwezo wa mume, isipokuwa kama mume tayari anawapa matunzo au mke ana kipato chake cha kutosha. Nilipomweleza shemeji jambo hili alinyamaza, kisha akasema, "Basi la unga nalipa mimi. Wanangu walikula."

Nilimheshimu kwa neno lile, na bado namheshimu.

Kuna kesi ambayo kila msaidizi wa kisheria nchini huifahamu, ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kabla ya hapo majaji walikuwa wakigombana kama kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ya Rufani ikasema ni mchango. Wengi wetu huishia hapo tukisimulia, tukipiga vigelegele. Mwisho wake hatuusemi: Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia alizitumia vibaya, na hasara hiyo ikahesabiwa dhidi ya mchango wake. Mimi huisimulia yote. Aliyepewa fedha ya familia, awe mke au mume, ataulizwa ilikwenda wapi, na anayeweza kuonyesha risiti ya mbegu na dawa amesimama mahali tofauti na asiyekuwa na kitu. Ndiyo maana sitaki mtu achome makaratasi kwa hasira.

Jambo jingine linalowapoteza watu ni kudhani kwamba kutengana kwa maneno kunagawa mali. Mahakama hugawa inapotoa amri ya kutengana au talaka, au baada yake. Mkibeba vitu na kuachana njia panda, kisheria bado ni mke na mume. Makubaliano yenu ya kuishi mbalimbali yana uzito kama ushahidi, lakini ndoa ipo na wajibu wake upo. Anayetaka talaka hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na maombi ya talaka yanapaswa kufika mahakamani ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya hati hiyo. Nimeona hati zilizokaa chini ya godoro mwaka mzima, na mwenyewe akalazimika kuanza upya. Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza shauri la ndoa, na huhitaji wakili ili usikilizwe pale.

Tuje kwenye nyumba, maana ndiyo iliyotutesa zaidi.

Walikuwa wamepanga chumba na sebule, Sh 45,000 kwa mwezi, na kama kawaida ya huku walilipa miezi 6 kwa mkupuo. Mkataba ulikuwa wa jina la mume, ukiwa na muhuri wa serikali ya kijiji. Walitengana miezi 4 ikiwa imebaki, yaani Sh 180,000 zilikuwa kwa mwenye nyumba. Shemeji aliwaza kitu ambacho wanaume wengi huwaza: aende kwa mwenye nyumba, arudishiwe ile fedha, mke arudi kwao.

Mwenye nyumba ni mama mjane wa Kihehe, mwenye maneno machache. Tulimkuta akianika mahindi. "Kamwene, mama," nikamsalimu, naye akaitikia bila kuacha kazi. Shemeji alipomaliza kueleza, mama yule akasema, "Mwanangu, hela ya kodi nilinunulia bati. Na watoto hawa wanasoma hapo jirani. Wakae mpaka kodi iishe."

Alisema kwa huruma, lakini alikuwa pia ndani ya mkataba wake. Kodi iliyolipwa kwa kipindi maalum ni ya kipindi hicho, na mwenye nyumba halazimiki kuirudisha kwa sababu wapangaji wamegombana, labda mkataba uwe umesema hivyo. Tangu sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, karibu kila kitu kiko kwenye mlichoandikiana. Mkikaa bila mkataba wa muda maalum, mnalipa mwezi kwa mwezi, sheria ya ardhi inataka notisi isiyopungua kipindi hicho cha malipo. Mume hawezi kumwambia mwenye nyumba "mtoe kesho" na mwenye nyumba akatii bila kujiingiza kwenye matatizo. Na kwa nyumba ambayo ni mali ya mmoja wa wanandoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa bado ipo.

Tulikubaliana hivi: mdogo wangu na watoto wabaki miezi 4 iliyolipwa, na sehemu ya mume katika kodi hiyo ihesabiwe kuwa matunzo ya watoto. Siku hiyo hiyo tukamwomba mama mwenye nyumba aandike karatasi fupi kwamba miezi hiyo 4 ikiisha mpangaji ni mdogo wangu, kwa jina lake. Hilo lilikuwa muhimu kuliko yote tuliyofanya kuhusu nyumba. Mwanamke anayebaki kwenye nyumba ya mkataba wa mtu mwingine hajui atalala wapi mkataba ukiisha, na mwanamume ambaye jina lake limebaki anaweza kudaiwa kodi ya nyumba asiyolala. Wote wawili walipata usingizi kwa karatasi ile. Tuliandika pia namba ya mita ya LUKU na kiasi cha umeme kilichokuwamo, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na mpangaji anayebaki ni vizuri aelewane na mwenye nyumba ni nani anayeibeba. Maji tulilipa tukamaliza.

Kisha vitu. Kitanda, godoro, jiko la gesi, televisheni, cherehani. Wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba kali, wana tabia ya kuja na gari na kubeba kitanda cha mtu mchana kweupe, na ndoa ikishavunjika huja mbio zaidi kwa kuogopa vitu vitahama. Mjue hivi: hata mahakama inapotekeleza hukumu ya deni, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaacha nje nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za kazi za fundi. Mkopeshaji asiye na amri ya mahakama hawezi kuwa na mamlaka zaidi ya mahakama. Ila kama cherehani mliiandika wenyewe kwenye mkataba kuwa dhamana, hapo hali inabadilika, na ndiyo maana nasisitiza watu wasiweke rehani kitu kinachowalisha.

Simu nazo zina mambo yake. Laini aliyokuwa akiitumia mdogo wangu kupokea fedha za wateja ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Tulihamisha umiliki wiki hiyo. Na zile programu za mikopo zinazotuma ujumbe wa aibu kwa mama mkwe na kwa mwalimu wa mtoto, nyingi hazina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za namna hiyo. Ujumbe wa aibu hauhamishi deni kwenda kwa anayeupokea.

Pikipiki ndiyo iliyokuwa ngumu. Taasisi ilisema mdhamini hatoki mpaka apatikane mwingine anayekubalika. Walikuwa na haki kusema hivyo. Makubaliano yetu ya kikao yaliwafunga mke na mume, hayakuifunga taasisi. Kaka yake shemeji alikubali kuingia, wakaandika mkataba mpya, na tukadai karatasi inayosema wazi kwamba mdhamini wa kwanza ameachiliwa. Ofisa alituambia haina haja, iko kwenye kompyuta. Tulikaa kwenye benchi mpaka ikachapishwa.

Kwenye kikoba nilijitoa. Mweka hazina hawezi kuamua deni la mdogo wake, na wenzangu walikaa bila mimi. Walimwongezea muda bila faini na wakakataa kugusa hisa zake kwanza. Deni likagawanywa nusu kwa nusu kati ya mke na mume, lile la pembejeo likapangwa kulipwa kutoka matenga ya kwanza ya nyanya zilizokuwa bondeni, kabla mtu yeyote hajagusa faida. Yote yakaandikwa, wakasaini mbele ya mtendaji na mashahidi wawili, kila mmoja na nakala yake.

Sitasema karatasi inatosha kwa kila mtu. Mwanamke anayepigwa asikae kuhesabu madeni. Aondoke na watoto, aende Dawati la Jinsia na Watoto polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii, daftari litaandikwa akiwa salama. Pia wapo wanaosaini leo na kukana kesho.

Shemeji alilipa la unga, akalipa pembejeo nyanya zilipouzwa, na amelipa sehemu ya fungu lake la kikoba. Mavuno ya pili bei ilishuka, akasimama. Mdogo wangu alimaliza deni la kikoba mwenyewe kwa kushona sare za shule, akatunza kila risiti. Sasa baraza la kata limetoa hati, na maombi yake yako Mahakama ya Mwanzo. Ndani ya faili kuna ule ukurasa wa madeni wenye saini zao wote wawili, na risiti za Sh 110,000 alizomlipia mwenzake, anazoomba zihesabiwe kwenye mgawanyo. Shauri limepangiwa tarehe. Wiki iliyopita shemeji alinipigia kuuliza aende na karatasi gani, nikamwambia alete za pembejeo na za pikipiki, zote.